Mwaka Niliosema Wimbo Hauna Mwenyewe

Tulimzika Papa Gratien siku ya Jumanne, na baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake Katindo, hapa Goma, katika sebule ambayo miguu yangu ilikuwa haijaikanyaga kwa miaka mingi. Viti vyote vilikuwa vimetolewa nje kwa ajili ya wageni, kwa hiyo sisi tuliomjua zamani tulikaa chini kwenye mkeka, migongo ukutani. Justin, aliyefika asubuhi hiyo kwa meli kutoka Bukavu, alikaa kando yangu, kichwa kimejaa mvi, miguu ameinyoosha kama mtu aliye kwake. Vijana wa kikundi cha Papa Gratien, kile ambacho bado kinakutana kila Jumamosi kuimba, waliingia na magita mawili na ngoma moja. Msichana wao mmoja aitwaye Grâce akaomba ruhusa waanze na wimbo wa asili. "Ni wimbo wa bazee wa Masisi," alisema. "Hakuna mutu anajua nani aliutunga." Walipouimba nilishika mkono wa Justin bila kujua. Walipomaliza niliwauliza wameupata wapi, maana Papa Gratien alikuwa amelala kitandani miaka miwili, na wengi wao walijiunga baada ya hapo. Grâce alitoa simu, akabonyeza, na mle sebuleni ikasikika sauti ya msichana mdogo, yenye kujiamini kupita kiasi, ikisema: "Huu ni wimbo wa mababu. Hauna mwenyewe." Sauti ile ilikuwa yangu. Niliwaambia hivyo, nikawaambia pia kwamba nilikosea, kwamba wimbo una wenyewe, nao ni wawili. Grâce akaja akakaa mbele yangu kwenye mkeka. "Basi mama, ni banani?" aliuliza. Sikuweza kumjibu kwa majina mawili tu. Majina bila mwaka ule hayasemi kitu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Diploma yangu ya shule nilikuwa nimeipata, lakini kazi ya ualimu niliyoahidiwa ilikuwa haijafika, na niliishi mtaa wa Murara kwa shangazi yangu, tantine kama tunavyosema, fundi cherehani. Asubuhi nilimsaidia kushona vifungo na kupiga pasi. Mchana sikuwa na la kufanya. Justin alileta suruali ipunguzwe, akanisikia nikiimba juu ya pasi, na Jumamosi iliyofuata akanipeleka kwa Papa Gratien. Papa Gratien alikuwa fundi redio. Sebule yake ilikuwa karakana siku sita za juma: rafu za mbao zilizojaa redio zilizopasuliwa matumbo, nyaya zikining'inia, harufu ya bati la kuchomelea iliyokuwa imeingia hata kwenye mapazia. Jumamosi mchana mke wake, Mama Béa, alifuta meza, akafunika redio zile kwa shuka, akaleta sufuria ya viazi, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza wa kukaanga, vidagaa vya ziwani. Tulikula kwanza, kwa mikono, tukigombea sambaza wakavu wa juu. Kisha chai, kisha nyimbo. Zamu ilianza kwa aliyekaa karibu na mlango, ikazunguka hadi kumrudia. Zamu ikikufikia uliimba chochote ulichonacho, au ulimwomba mwenzako akuimbie, au ulisema "pita" na hakuna aliyekucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yote.

Tuliimba nyimbo zetu wenyewe. Justin alikuwa na daftari zima, na karibu zote zilikuwa juu ya msichana mmoja wa mtaa wa Himbi ambaye hakuwahi kumsemesha. Kutoka jikoni tulimsikia Mama Béa akiongea na jirani yake huku wakimenya viazi. "Hawa batoto baimba muzuri," jirani alisema, "lakini ni mapenzi tu. Hakuna mutu analimaka, hakuna mutu anatwangaka." Mama Béa akajibu, "Banaimba bile banajua." Nafikiri Papa Gratien naye alisikia, maana Jumamosi ileile alizima gita lake kwa kiganja, akatutazama mmoja mmoja. "Kila mutu hapa anaimba yake," alisema. "Ni muzuri. Lakini mama zetu baliimbaka nini? Nani anaweza kuniimbia moja tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho?" Tulijaribu. Mmoja wetu alikuwa na kiitikio bila ubeti. Mwingine alikuwa na ubeti wa bibi yake wa Rutshuru, kwa Kinyarwanda, lakini hakujua maana ya neno la mwisho. Mimi sikuwa na kitu. Justin ndiye aliyekuwa na maneno. "Papa, zile nyimbo ziko na kazi yake. Ni za kupokea bakubwa ku uwanja wa ndege. Banavalisha bamama majani, banacheza dakika tano, gari inapita. Sisi hatuko kikundi ya kucheza mbele ya gari." Papa Gratien hakukasirika. Alifikiri, akasema, "Basi tuzitoe pale mbele ya gari." Siku hiyo aliniazima mashine yake ya kunasia sauti, kubwa kama tofali, na kaseti mbili, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa sina kazi.

Wimbo niliupata kwa sababu ya maharage. Tantine alinituma Munigi, juu ya mji, kwenye depo, ghala la nafaka, ambako aliyapata kwa bei nzuri, na nyuma ya depo ile kulikuwa na banda la mabati ambamo wanawake walikaa mstari mmoja, kila mmoja na ungo wake, wakichambua mawe na takataka. Wa mwisho katika mstari alikuwa mama mwembamba aliyefunga kitambaa cha kijani, na alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, si kwa ajili ya mtu. Wengine walimwita Mama Mapendo. Aliimba kwa Kihunde, lugha ya Masisi, na mimi Kihunde nilikuwa nakisikia kidogo tu, lakini hata kidogo kile kilinitosha kusimama pale na gunia mikononi. Mkono wa kulia unauliza: shamba liko wapi? Mkono wa kushoto unajibu: liko nyuma yetu, linaota peke yake. Kisha mtama, ambao unaota peke yake na ndege wanajua, kisha maharage, kisha mateke, magimbi yaliyo karibu na maji. Vidole vyake vilifuata wimbo, au wimbo ulifuata vidole. Kesho yake nilirudi na mashine, nikamsalimu, nikamweleza, nikamwomba aimbe tena ninase sauti yake. Aliitazama ile mashine kwa makini. "Hii kitu inachambuaka maharagi?" aliuliza. Nikasema hapana, mama. "Basi uiweke kando, ukae."

Nilikaa. Nilikaa mchana ule na michana mingi baada yake, Jumanne na Alhamisi, kwa miezi mitatu. Mwanzoni niliacha mawe na kutupa maharage, na wanawake wengine walicheka mpaka wakafuta macho. Mama Mapendo hakucheka. Alivuta ungo wangu, akarudia kazi yangu yote. Hakuwa akiimba ukimwomba. Aliimba mikono ikishapata mwendo, labda saa moja baada ya kuanza, na mara nyingine hakuimba kabisa. Leo ninapowaona vijana wakifika kwa mtu mzee, wakinyoosha simu, wakipata dakika mbili na kushukuru na kuondoka, siwalaumu. Mimi pia nilikuja kuchukua. Tofauti ni kwamba aliyekuwa nacho hakukubali kunipa haraka. Jioni, kabla sijashuka mjini, alinipitisha kwake, chumba kimoja cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, kitanda upande huu, jiko upande ule, na Biblia iliyofungwa kwa kitambaa ili isiingie vumbi. Alipika viazi vitamu na maharage, chakula cha watu wawili siku zote, hata siku ambazo hakujua kama ningekuja. Aliniuliza habari za tantine, za kazi yangu isiyofika, za mafuta ya taa. Nilipomuuliza wimbo ule umetoka wapi, aliinama juu ya sufuria. "Ni ya bazee," alisema. Sikuuliza tena. Mama mwenye umri wake, anayeimba kwa Kihunde juu ya mtama: nilimwamini kama ninavyoamini kwamba maji ya ziwa ni maji.

Nilipouimba Katindo kwa mara ya kwanza, Justin alikuwa amekunja mikono. Nilipofika kwenye mtama alivuta gita bila kuniangalia, akatafuta, akapata sauti tatu zilizokaa chini ya wimbo kama mtu anavyomshika mwenzake kiwiko kwenye utelezi. Aliniomba nirudie. Mara ya tatu alikuwa amefumba macho. "Hawa bazee yako balikuwa na akili," alisema, na kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kuanzia siku hiyo kila Jumamosi tulianza na wimbo wa mikono miwili, na kidogo kidogo wengine nao walianza kuleta. Yule wa Rutshuru alirudi na neno lake la mwisho. Bibi yake alikuwa amemtajia maana, nalo lilikuwa jina la ng'ombe. Watu husema nyimbo za zamani zilirudi kwenye mikusanyiko yetu kwa sababu ya mapenzi ya asili. Kwa yale niliyoyaona, zilirudi kwa sababu moja ilikuwa nzuri mno, na wengine waliona wivu.

Wakati wa kiangazi kulikuwa na mkusanyiko mkubwa wa vikundi vya muziki kwenye uwanja wa shule moja, vumbi jeusi likiruka kila ngoma ilipopigwa. Sikumwambia Mama Mapendo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu si zuri: niliogopa angesema hapana. Nilivaa kitenge alichonishonea tantine, nikapanda jukwaani na Justin, na mtangazaji akaninyooshea kipaza sauti akauliza, "Mwenye wimbo ni nani?" Ningeweza kusema nimejifunza kwa mama fulani wa Munigi. Lakini nilitaka kuonekana msomi. "Huu ni wimbo wa mababu," nikasema. "Hauna mwenyewe." Tuliimba, na mbele kabisa niliona mwanajeshi mmoja mzee wa kambi ya Katindo amevua kofia, na wanawake wa sokoni wamesimama na mizigo yao kichwani wasiitue. Redio moja ya pale mjini ilikuwa imenasa. Baada ya wiki moja walianza kuupiga kila asubuhi, kabla ya matangazo ya vifo, pamoja na maneno yangu ya mwanzo. Mtaani Murara watoto waliniita Mukono wa Kulia. Nilifurahi, sitaficha.

Depo ya Munigi nayo ilikuwa na redio. Nilipofika Alhamisi ile, wanawake walinipigia makofi, isipokuwa mmoja. Mama Mapendo alisogeza mguu nipate nafasi, akanipa ungo, tukachambua. Kisha mikono yake ikasimama, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

"Ni wewe unaimbaka ku redio."

"Ndiyo, mama."

"Umeimba muzuri. Ku mtama ulikimbia." Aliokota jiwe moja dogo, akalitazama. "Uliambia batu wimbo haiko na mwenyewe."

"Mama, wewe ulisema ni ya bazee."

"Nilisema," alikubali. "Twende kwangu."

Hakupika siku ile. Alikaa kitandani, nikakaa kwenye kigoda, na mlango aliuacha wazi ili chumba kipate mwanga. Aliniambia alikuwa na mdogo wake aitwaye Sifa. Walilima shamba moja, kule juu Masisi, ubavu kwa ubavu, tangu Sifa alipoweza kushika jembe. Wimbo waliutunga wao wawili wakiwa wasichana, ili kazi iende. Mapendo alikuwa mkono wa kulia, aliuliza. Sifa alikuwa mkono wa kushoto, alijibu. "Na hakujibu vile naimbaka," alisema. "Nilikuwa nauliza shamba iko wapi, na yeye anajibu: iko mbele yako, unaikanyaga. Tulikuwa tunachekaka. Nyuma yetu, hiyo nilitia miye, nilipofika hapa." Walipokimbia vita, barabara ilijaa watu, na mahali penye daraja Sifa aliachia mkono wa dada yake ili abebe mtoto wa jirani. Daraja lilipokwisha, Sifa hakuwepo. Ilikuwa imepita miaka sita. Mama Mapendo alikuwa ameuliza kambini, makanisani, hospitalini, kisha akaacha kuuliza. "Kama nasema wimbo ni yangu, batu baniuliza, uliitunga na nani? Kama ni ya bazee, naimba, nalia kama nataka kulia, na hakuna mutu ananiuliza kitu." Nilimwambia ningekwenda redioni siku ileile, nisahihishe. Alitikisa kichwa. "Uache. Uniahidi." Nikaahidi. Nilishuka Munigi kwa miguu mpaka Murara, na njiani nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye duka la mtu.

Sikuweza kubeba jambo lile peke yangu. Jumamosi nilifika mapema, kabla ya wengine, nikamkuta Papa Gratien akifunika redio zake, nikamwambia yote. Alikaa. Aliniomba nirudie jibu la Sifa, lile la kwanza. Kisha akauliza kama nimeahidi kutosema jina. Nikasema ndiyo. "Kaa na ahadi yako," alisema. "Mimi nitaongea na bale ba redio. Sitataja mutu." Yeye ndiye aliyewatengenezea mitambo, walimjua. Aliwaomba jambo moja tu: mtu yeyote atakayefika kuulizia wimbo ule, aelekezwe Katindo, Jumamosi mchana. Nilidhani ni jambo dogo, la kunituliza. Aliporudi hakulizungumzia tena, na mimi nililisahau.

Miezi ikapita. Kazi ya ualimu haikufika. Justin aliacha kuandika juu ya msichana wa Himbi, akaniomba nimpeleke Munigi, na Mama Mapendo akamkalisha kwenye mstari na ungo kama alivyonifanya mimi. Hakumwambia habari za Sifa, wala mimi sikumwambia. Alimsikiliza akipiga gita wakati wa mapumziko, akamwambia gita lake lina haraka, kama mtu anayetaka kufika kabla hajatoka. Justin aliyarudia maneno hayo mwaka mzima. Mvua za Septemba zilianza, kisha Oktoba, na Jumamosi moja mvua ilipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba tuliacha kuimba, tukala tu, tukingoja ipungue. Mama Béa alifungua mlango kutazama, na uwani alisimama mwanamke mmoja, amelowa mpaka mifupani, viatu mkononi. Alimvuta ndani, akampa kitambaa na chai. Mwanamke alikaa pale pale, karibu na mlango, akasema kwa Kiswahili chenye Kinyarwanda ndani yake kwamba ameambiwa aje hapa. Hakusema na nani, na sisi, kwa adabu, hatukumuuliza mtu aliyelowa. Mvua ilipopungua, zamu ilimwangukia yeye. "Pita," alisema, akiwa amejifunza neno hilo dakika ileile. "Nitangoja ule wimbo."

Kwa hiyo niliimba mimi. Justin alianza polepole, bila haraka. Niliuliza kama mkono wa kulia unavyouliza, shamba liko wapi, na kabla sijavuta pumzi ya kujibu, yule mwanamke alijibu, kwa Kihunde, kwa sauti nzito kuliko yangu: liko mbele yako, unalikanyaga. Justin aliendelea kupiga kwa sababu hakujua. Papa Gratien ndiye aliyeweka gita chini. Mimi niligeuka, nikamtazama. "Wewe ni Sifa," nilisema. Alinitazama kwa woga, akauliza nimemjuaje. Nikasema, "Dada yako anachambua maharage Munigi." Hakulia. Alitafuta viatu vyake.

Njiani nilipata habari zake kwa vipande. Ng'ambo ya daraja alichukuliwa na mkondo wa watu mpaka Rutshuru, na huko familia moja ya wafugaji, wanaosema Kinyarwanda, ilimpa kitanda kisha shamba kisha jina la binti yao. Alikuwa jikoni kwa mama wa familia ile, akikamua limau kwenye mboga, redio ilipopiga wimbo. Alisema mikono yake iliganda. Alifunga safari siku tatu baadaye, mama yule akimsindikiza mpaka kituo cha magari na jibini ya Masisi ndani ya majani. Goma alifika redioni, akauliza mwenye wimbo, na mtangazaji akamjibu alichokisikia kwangu: ni wa mababu, hauna mwenyewe. Sifa aliamini. Alifikiri labda kule Masisi watu wengine waliuokota, kwamba dada amekufa na wimbo umebaki. Alikuwa amekwishatoka nje, amefika barabarani, akitafuta gari la kurudi, fundi mmoja wa mitambo alipomkimbilia akamwambia kuna muzee Katindo aliyeomba hivi na hivi. Hatua ishirini zaidi na gari lingekuwa limemchukua. Nimeishi na hatua hizo ishirini. Ndiyo sababu, nikialikwa leo kwenye mikusanyiko ya nyimbo, na kijana akisimama na kusema wimbo wa asili, huuliza amejifunza kwa nani, na nani alimfundisha huyo, mpaka wanachoka nami. Zile nyimbo zina mahali pake kati yetu, nasema, zianze mkusanyiko, zipewe gita na kinanda kama zinakubali. Lakini kila moja ilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa na mikono na shamba na mtu wa kumjibu.

Justin alipata pikipiki mbili. Munigi mvua ilikuwa imekwisha, mawe meusi yakitoa mvuke, na mlango wa Mama Mapendo ulikuwa wazi kama kawaida yake mchana. Nilitangulia, nikitafuta neno la kuanzia, na sikulipata. Alinyanyua macho kutoka jikoni, akaniona mimi, akamwona Justin, kisha akamwona aliye nyuma yetu. Alisimama. Hakupiga kelele, wala hakukimbia. Alimtazama mdogo wake kutoka kichwani mpaka chini, kama anavyotazama ungo kabla ya kuanza kazi.

"Miguu yako imelowa," alisema.

"Mvua ilinikamata."

"Umekula?"

"Bado."

Mama Mapendo akageuka, akaongeza viazi kwenye sufuria, akaongeza maji, akafunika. Mikono yake ilikuwa thabiti kabisa. Kisha akamkalisha Sifa kitandani, akapiga magoti, akaanza kumfuta miguu kwa kanga yake, mguu mmoja, kisha mwingine, kisha ule wa kwanza tena, na hapo ndipo alipolia, uso ameuweka juu ya miguu ile, na Sifa akamwekea mkono kichwani juu ya kitambaa cha kijani, akisema kwa Kihunde maneno ambayo sikuyasikia vizuri na sikupaswa kuyasikia. Justin alinivuta shati. Tulitoka, tukakaa juu ya mawe mpaka waliposema chakula kimeiva.

Ahadi yangu ilifunguliwa siku ileile. Redio ilitangaza majina yao mara moja, asubuhi moja, kisha wakaendelea na kaseti ya zamani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye rafu. Papa Gratien alitaka tuurekodi upya, dada wawili pamoja, jibu la zamani na jibu jipya, na akanipa kaseti ambayo haijaguswa. Nilipanda Munigi na mashine mara nne kabla ya Krismasi. Sifa alikuwa amepata nafasi kwenye banda, kando ya dada yake, na wanawake wa mstari walianza kulalamika kwangu kwamba hakuna wimbo tena. Ilikuwa kweli. Tangu mdogo wake afike, Mama Mapendo hakuimba hata siku moja kazini, waliongea. Waliongea asubuhi wakianza na waliongea nyungo za mwisho zikimwagwa, juu ya nani alizaa na nani aliolewa, juu ya mama wa Rutshuru na ng'ombe wake mkaidi, juu ya paa lililovuja mwaka wa kwanza, juu ya bei ya chumvi. Walikuwa na miaka sita ya kusimuliana. Mara ya nne nilikaa kati yao mchana mzima, kidole kwenye kitufe, nikingoja mikono ipate mwendo. Sifa alikuwa akieleza jinsi alivyoanguka kwenye dimbwi siku ya ubatizo wa mtoto wa majirani, amevaa nguo ya kuazima, na Mama Mapendo alicheka mpaka maharage yakamwagika magotini kwake. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa cha msichana. Niliondoa kidole kwenye kitufe, nikaokota maharage.